Kurudi, Kurudia na Kunyamaza: Marejeo ya Msafiri katika Riwaya za Abdulrazak Gurnah

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja katika riwaya za Abdulrazak Gurnah ambalo bado halipewi uzito wa kutosha, licha ya mengi yaliyoandikwa juu yake tangu alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwezi Oktoba 2021: kinywa cha mtu anayerejea kwao baada ya miaka mingi ugenini. Gurnah husomwa kama mwandishi wa uhamiaji, yaani wa kuondoka na kufika. Usomaji huo si wa makosa, ila ni nusu ya habari. Admiring Silence (1996) na Gravel Heart (2017) ni riwaya zilizojengwa juu ya kurudi, na Afterlives (2020) inamweka mtu anayerudi sambamba na mwingine asiyerudi kabisa. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba kinachowazuia wahusika hawa kurudi, hata baada ya kushuka kwenye ndege, ni maneno: waliyoyatunga na waliyoyanyamazia, pande zote mbili za bahari. Siasa na umaskini wa nyumbani ni vizuizi vya daraja la pili. Aidha, itaonyeshwa kwamba Kiingereza, lugha ya riwaya zenyewe, kinaifunika sehemu ya tatizo hilo ambayo msomaji wa Kiswahili, hasa yule wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, huisikia kabla ya nyingine zote.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Kamusi za Kiswahili sanifu hukipa kitenzi ‘rudi’ maana zaidi ya moja. Mtu hurudi alikotoka. Mzazi humrudi mwanawe, yaani humtia adabu. Na nguo iliyofuliwa ikapungua urefu husemwa kuwa imerudi. Umbo la ‘rudia’, kwa matumizi yake ya kawaida katika Kiswahili sanifu, ni kutenda jambo kwa mara nyingine. Lakini katika Kiswahili cha Kivu, kama kisemwavyo Kasenga na katika mitaa mingine ya Uvira, kurudia ndiko kurudi kwenyewe: aliyekwenda Kigoma akaja tena, huyo amerudia. Mwalimu wa sarufi atasema kwamba hapa pana tofauti ya lahaja na si zaidi, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo mhakiki wa fasihi hana sababu ya kuzitupa maana hizo. Kupungua, kutiwa adabu na kutenda upya ndiyo mambo yanayowafika wahusika wa Gurnah mara tu wanapokanyaga kwao.

Kirundi, kisemwacho ng’ambo ya mto Ruzizi na ndani ya Uvira yenyewe, kimepita njia nyingine. Kutokana na ‘guhunga’, kukimbia hatari, lugha hiyo imenyambua ‘guhunguka’, kurejea kutoka ukimbizini. Kiambishi kilichotumika ni cha kutendua, ndugu wa kile kinachotoa ‘fungua’ katika ‘funga’ na ‘kunjua’ katika ‘kunja’. Kwa hiyo Kirundi humtaja anayerejea kama mtu aliyeutendua ukimbizi wake, mithili ya afunguaye fundo. Kiswahili hakikumpa ‘kimbia’ kinyume cha namna hiyo. Si busara kujenga falsafa ya taifa zima juu ya kiambishi kimoja, na isimu ya Kibantu imekwisha kuona mifano ya kutosha ya kosa hilo. Lakini swali lililomo katika neno hilo ni swali halisi: je, kukimbia kunatenduka?

Katika mwambao huu swali hilo si la darasani. Baada ya mauaji ya 1972 Warundi wengi walivuka kwenda Tanzania, na baadhi yao wakaingia Zaire ya wakati ule, Uvira ikiwamo. Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya 50,000 kati ya wale waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, pamoja na watoto wao, walirejea Burundi. Wengi wa waliorejea walikuwa wamezaliwa Tanzania, na shule walizosoma zilikuwa za Kiswahili, si za Kifaransa. Na waliofikia Rumonge na Nyanza-Lac walikuta mara nyingi kwamba mashamba ya wazazi wao yana wenyewe wengine. Upande wa Kongo, vita vya Oktoba 1996 viliwavusha watu wa Uvira na Fizi hadi Kigoma, na kutoka huko hadi kambi za Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarejesha waliotaka kurudi, zikitoka Kigoma na kutia nanga Baraka. Walioondoka wakiwa mgongoni mwa mama zao walishuka wakiwa vijana, na kijana wa Lugufu alijulikana kabla ya kutaja jina la ukoo wake: ‘shikamoo’ yake ilimtangulia. Alisema ‘tumerudi’ mahali ambapo jirani angesema ‘tumerudia’. Mtu wa Kinshasa anaweza kucheka jambo hili dogo, ingawa Kinshasa hiyo hiyo ililiona kuwa kubwa mwaka 2001, Joseph Kabila, aliyelelewa Tanzania, alipochukua urais na watu wakasikiliza Lingala yake.

Msomaji aliyezoea kusikia marejeo kwa namna hiyo, akifungua Admiring Silence, atafanya nini? Kwanza atamtambua mhusika. Gurnah mwenyewe alitoka Unguja mwaka 1968, miaka minne baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hakuweza kurudi hata kwa matembezi hadi 1984. Riwaya yake haipasi kusomwa kama tawasifu, lakini hapana shaka kwamba muda huo wa kungoja umempa kipimo. Msimulizi wake, asiyetajwa jina, ni mwalimu wa shule London. Amekaa Uingereza miaka 20, anaishi na mwanamke Mwingereza, Emma, na wana binti, Amelia. Riwaya inafunguka akiwa ameambiwa na daktari kwamba moyo wake ni mbovu. Baadaye serikali ya kwao inatangaza msamaha kwa waliotoroka, naye anarudi katika kisiwa ambacho msomaji hatakosa kukijua, ingawa mwandishi anajizuia kukipamba kwa majina.

Uzuri wa riwaya hii uko katika jinsi inavyoandaa marejeo hayo kwa uongo wa aina mbili. Emma na wazazi wake wamepewa ukoo wa kubuni, ambamo Hashim, baba wa kambo, amepewa cheo kingine, na pengo la Abbas, baba mzazi aliyetoweka kabla mwanawe hajazaliwa, limezibwa kwa hadithi. Baba yake Emma, Bwana Willoughby, anapenda kusikia habari za dola ya Kiingereza, na msimulizi humkatia kipande kwa kipande, kama muuza kitambaa anayejua mteja wake anataka rangi gani. Hapa kejeli ya Gurnah ni kali, na inachekesha kwelikweli. Kwa upande wa pili, mama na ndugu walioko kisiwani hawajaambiwa lolote. Kwa miaka 20 mwana wao hakuwaandikia kwamba ana mwanamke na mtoto. Kwa hiyo wao, kwa nia njema kabisa, wamemtafutia mchumba, Safiya, msichana mdogo aliyeelimika wa nyumba yenye heshima.

Wahakiki wanaoshikilia kwamba hii ni riwaya ya kukatishwa tamaa na uhuru hutaja vyoo vilivyoziba, maji yasiyotoka na umeme unaokatika, na ni kweli kwamba Gurnah anarejea kwenye vyoo hivyo mara nyingi, pengine mara nyingi kupita kiasi. Lakini chunguza mpangilio wa matukio. Msimulizi anauvumilia uvundo. Anazivumilia ofisi na wakubwa wake. Kisichovumilika ni saa ile ambapo lazima amwambie mama yake habari za Emma na Amelia. Mji uliochakaa haumfukuzi. Anafukuzwa na sentensi moja aliyoichelewesha miaka 20. Akiisha kuitamka, nyumba yote inapungua, imerudi kama nguo, na yeye haenei tena ndani yake. Anapofika London anakuta kwamba Emma naye ana sentensi yake: anamwacha. Mtu huyu amenyamaza pande mbili na amepoteza pande mbili. Jina la kitabu, ambalo kwa Kiswahili lingeweza kuwa ‘Kuustahi Ukimya’, linaeleweka vema zaidi hapo kuliko mahali pengine popote.

Ifahamike kwamba si kila kitu katika riwaya hii kimefaulu. Safiya hana uhai wa kutosha. Anatajwa, anatazamwa, anahurumiwa, kisha anaachwa. Na kwa kuwa hadithi nzima iko katika nafsi ya kwanza, hatupati kamwe kujua kama naye alikuwa na lake la kunyamazia. Kasoro hiyo inawagusa wote waliobaki. Waliobaki kisiwani wanakuwa hadhira ya aibu ya anayerudi, ilhali wao pia wameishi miaka hiyo 20, na miaka yao haikuwa myepesi. Yeyote aliyeshuhudia watu wa Baraka wakiwapokea waliotoka kambini anajua kwamba aliyebaki huwa na maswali yake, na mengine ni makali: ulikuwa wapi tulipokuwa tunazika?

Gravel Heart, iliyotoka miaka 21 baadaye, inaweza kusomwa kama jibu la Gurnah kwa kasoro hiyo. Salim anapelekwa London na mjomba wake Amir akiwa kijana, bila kuelewa kwa nini baba yake, Masud, aliihama nyumba na kujifungia katika chumba cha uani nyuma ya duka. Huko ugenini Salim humwandikia mama yake barua, na nyingine hazitumi. Mama, Saida, anakufa kabla mwanawe hajarudi. Salim anaporejea hana tena wa kumwomba radhi. Anamkuta baba, ambaye naye amerejea kutoka Kuala Lumpur. Ndipo mambo yanapogeuzwa. Katika Admiring Silence anayerudi ndiye mwenye siri na waliobaki ndio wa kusikiliza. Hapa waliobaki ndio wenye siri, na anayerudi hana budi kuketi na kusikiliza usiku kucha: jinsi Amir alivyofungwa, jinsi Hakim, mtoto wa mkubwa wa serikali, alivyoutumia ufunguo wa jela, na bei ambayo Saida alilipa ili ndugu yake atoke. Salim alidhani kwamba baba yake alikuwa dhaifu. Anagundua kwamba ukimya wa Masud ulikuwa namna ya kuwaficha wengine, yeye Salim akiwa wa kwanza.

Hii ndiyo maana ya pili ya ‘rudi’. Anayerejea anarudiwa, anatiwa adabu, na fimbo inayotumika ni maarifa. Yafaa kuongeza kwamba Gurnah hamfanyi Masud kuwa hakimu; mzee hasemi ili amwadhibu mtu. Adhabu iko katika habari yenyewe. Wala Salim hapati kubaki. Anaondoka tena kwenda Uingereza akiwa na kile alichokikosa maisha yake yote, na hakimsaidii kukaa popote. Riwaya nyingi za namna hii zingemaliza kwa mtoto kuirithi nyumba ya baba. Gurnah hakuuchukua mwisho huo, na ni heri.

Afterlives inahitaji maneno machache. Hamza, aliyekuwa askari wa Wajerumani, anarudi na mguu wa kuchechemea katika mji wa pwani aliowahi kuishi kabla ya vita. Huyu hana mtu anayemngoja, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye pekee kati ya wahusika hawa ambaye marejeo yake yanafaulu: anapata kazi kwa Nassor Biashara, anampata Afiya, anapata nyumba. Hana uongo wa kuukanusha wala jamaa waliodhani wanamjua. Ilyas, kaka yake Afiya, aliyeacha ahadi nyuma yake, harudi. Miaka mingi baadaye inajulikana kwamba alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1942. Msomaji anaweza kuona hapa mantiki isiyopendeza, kwamba anayerudi salama ni yule asiye na pa kurudi.

Hadi hapa yote yanakubaliana na hoja ya maneno na ukimya. Tatizo linaanza tukiuliza: maneno ya lugha gani? Msimulizi wa Admiring Silence ameishi miaka 20 akisema, akifundisha na akidanganya kwa Kiingereza. Kisha anaketi mbele ya mama yake. Anamwambia kwa Kiswahili, haiwezi kuwa vingine. Je, Kiswahili chake ni cha mwaka gani? Ana neno la kumwita Emma? ‘Mke’ si kweli, maana hakuna ndoa; ‘hawara’ ni tusi; ‘rafiki’ ni uongo mwingine. Neno alilonalo kwa Kiingereza, la kuishi pamoja kwa hiari pasipo ndoa, halikupanda naye ndege. Hili ni jambo la kisarufi na la kimaadili kwa wakati mmoja, na kwa mwandishi mwenye jicho la Gurnah lingeweza kuwa kitovu cha sura nzima. Katika kitabu halionekani. Mama na Emma wote wanasema Kiingereza fasaha cha riwaya, tofauti yao ikiwa ya mawazo tu. Gurnah hutia maneno ya Kiswahili hapa na pale bila kuyaeleza, na ni haki yake, lakini maneno hayo ni chumvi. Hayaonyeshi ulimi uliochakaa wala ulimi uliobaki nyuma ya wakati. Anayerudi hasikiki akikosea lugha yake. Msomaji wa London hatakosa kitu. Msomaji wa Uvira, ambaye amewasikia waliorudi wakichekwa sokoni kwa sababu ya kitenzi kimoja, atahisi kwamba mlango mkubwa zaidi wa hadithi umeachwa umefungwa.

Haifai kumlaumu Gurnah peke yake. Marejeo yanayojulikana zaidi ya mtu wa Unguja kabla yake ni ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyetoroka mwaka 1866 na kurudi kwa mara ya kwanza mwaka 1885 pamoja na meli za Wajerumani. Sultani Barghash, kaka yake, alikataa kumpokea. Salme naye alikisimulia kisa cha maisha yake katika lugha ya ugenini. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na kwa muda mrefu watu wa kwao hawakuweza kuzisoma. Ni kana kwamba anayerudi Unguja hawezi kueleza kurudi kwake isipokuwa kwa watu wa kule alikotoka mara ya mwisho.

Fasihi ya Kiswahili nayo haina mengi ya kujivunia hapa. Imesimulia kwa wingi kuondoka: shamba kwenda mjini, kisiwani kwenda bara, nyumbani kwenda Ulaya. Mbali na Nyumbani (2013) ya Adam Shafi, kama jina lake linavyotangaza, imeelekea nje. Marejeo yenye nguvu zaidi katika riwaya ya Kiswahili ya miaka ya karibuni ni ya maiti: katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, babu anatoka kaburini na kumkabili mjukuu wake, K, aliyelewa madaraka. Babu huyo anarudi ili arudi, yaani aje kutia adabu, na kwa kuwa ni mzuka hatuulizi amesahau nini. Jambo la kushangaza ni kwamba Said Ahmed Mohamed mwenyewe alifundisha miaka mingi Osaka na Bayreuth, na Euphrase Kezilahabi alimalizia maisha yake ya kazi Botswana. Waandishi wetu wakubwa waliujua ugeni kwa mwili. Mtu aliye hai, anayeshuka melini na mfuko mmoja na kufungua kinywa mbele ya jamaa zake, bado anangoja riwaya yake ya Kiswahili. Mwambao kutoka Uvira hadi Baraka unao watu wa kutosha wa kuijaza.

Huku hiyo ikingojwa, tafsiri inaweza kufanya sehemu ya kazi. Ida Hadjivayanis ametafsiri Paradise ya mwaka 1994 kwa jina la Peponi (2022), na tafsiri hiyo imeonyesha kwamba mazungumzo ya Gurnah yanakaa katika Kiswahili pasipo kulazimishwa, kana kwamba yalikuwa yakingojea kufikishwa hapo. Lakini Peponi inaishia Yusuf akiukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, kwa kuondoka. Mtafsiri hakulazimika kumfungua kinywa mtu aliyerudi. Atakayeishika Admiring Silence atafika mahali pa mama na mwana, na hapo itambidi achague kile ambacho Kiingereza kilimruhusu Gurnah asikichague: kama msimulizi atasema Kiunguja cha miaka ya sitini kilichohifadhiwa kama nguo ya sanduku, au kilichopasuka na kutiwa viraka vya Kiingereza, kama mama ataling’amua hilo kabla ya habari yenyewe, na Emma aitwe nani.

Kati ya riwaya hizo mbili, Gravel Heart ndiyo inayofaa kutangulia. Masimulizi ya Masud tayari yana umbo la mazungumzo ya usiku kati ya mzee na mwanawe, na huko mwenye kusema ni yule ambaye Kiswahili chake hakina sababu ya kutiliwa shaka. Salim anaweza kuachwa akisikiliza.